RAMADHANI, SIKU YA 12: MKONO ULIOKUWA NA UDHU



Wale mliokuwepo msikitini Jumamosi iliyopita mnajua kwamba Alasiri hakuswalisha imamu wenu. Aliwaswalisha muadhini wetu, na alifanya vizuri, Allah amlipe. Baadhi yenu mlidhani naumwa. Wawili mlinipigia simu baada ya swala kunijulia hali, na mmoja wenu nilimjibu, "Niko salama, kulikuwa na kishughuli kidogo," nikaaga haraka. Leo nakitaja hicho kishughuli. Nimekaa nacho siku nne na nimeona kina mafunzo kuliko darsa niliyokuwa nimewaandalia kuhusu zakatul fitri, ambayo tutaisoma wiki ijayo inshaallah.

Nilikuwa naosha gari na kulipaka nta.

Gari lenyewe mnalijua. Ni Toyota IST, jipya kwa maana yetu ya Kitanzania, yaani Mjapani amelitumia mpaka akalichoka, akalipakia melini, na sisi tukalipokea Dar es Salaam kwa takbira. Kwa walioniuliza pembeni, na kwa ambao hawakuniuliza ila mmeulizana: hela yake ni mshahara wa ualimu niliojibana nao, mahindi ya misimu mitatu, na fungu langu la shamba tuliloliuza mimi na ndugu zangu. Sanduku la msikiti halikuguswa. Daftari liko kwa mhazini, anayetaka aje asome. Naliweka hilo wazi kisha tuendelee, maana mtu akiwa na dukuduku hasikii mawaidha.

Gari lilifika Songea limechoka. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 900, na kuanzia Makambako kuja huku mvua haikuacha. Bampa limejaa wadudu, chini ya milango kuna matone ya lami, na juu ya hayo yote tope letu jekundu mnalolijua. Kwa kawaida ningelipeleka kwa vijana wanaoosha barabarani. Lakini hili ni gari la kwanza maishani mwangu, na nina miaka arobaini na kitu. Nikasema nitaliosha mwenyewe, nyumbani, chini ya mwembe, nilijue kama mfugaji anavyomjua ng'ombe wake.

Muuza vipuri mmoja aliniuzia shampuu ya gari, taulo tatu laini na kopo la nta, akanipa na somo juu yake. Sikujua kama kuosha gari kuna adabu zake. Ndoo zinakuwa mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila unapomaliza sehemu, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Unaanza juu, kwenye paa, unashuka. Tairi unamalizia, na kitambaa chake ni cha peke yake. Sabuni ya unga tunayofulia uiache, inaondoa hata ile nta iliyokuwepo. Kitambaa kikianguka chini, hata kama unakiona kisafi, usikirudishe kwenye bodi, kwa sababu punje moja ya mchanga inachora mistari ambayo kivulini huioni, ila jua likiwaka inatokea yote. Halafu unakausha. Halafu ndiyo nta: unapaka utando mwembamba, sehemu moja kwa wakati, kivulini, unasubiri iwe na ukungu kama kioo ulichokipumulia, kisha unaifuta kwa taulo safi.

Kwenye kopo waliandika neno carnauba. Mimi ni mwalimu, neno nisilolijua haliniachi nilale. Kumbe ni mti wa jamii ya minazi na michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazil, sehemu zenye ukame. Majani yake yanajipaka nta yenyewe ili maji yaliyomo ndani yasipotee. Watu wanayakata, wanayaanika, wanayapiga mpaka nta inadondoka kama unga. Subhanallah. Nta ambayo Muumba aliiweka juu ya jani lisife kwa kiu, mimi naipaka juu ya boneti Songea ili mvua iteleze. Nilikaa kidogo na kopo mkononi.

Sitawaficha, niliipenda ile kazi. Rangi ni bluu ya kukoza, na nilipofuta boneti la kwanza niliona matawi ya mwembe yamo ndani yake, jani kwa jani. Moyo ulifurahi. Saumu sikuisikia, kiu sikuisikia. (Kwa aliyewahi kuniuliza kuhusu mafundi wa rangi: harufu tu haifunguzi.)

Alasiri ikaadhiniwa. Niliisikia, nyumba yangu haiko mbali. Mke wangu akasema kutoka uani, "Baba, wameadhini." Nikamwambia nimeisikia. Wakati huo mlango wa dereva ulikuwa na nta mbichi, nikajiambia nifute huu tu, maana ikikauka sana inakuwa shida. Nikafuta. Lakini nilikuwa nimeshapaka na wa nyuma, kwa hiyo nao ukawa unasubiri. Sasa niseme ukweli wote: nta ikikaa haiharibiki. Inakuwa ngumu kidogo kufuta, unatumia nguvu zaidi, basi. Muuza vipuri alinieleza hilo. Nilijua kabisa kwamba kinachosubirika ni mlango na kisichosubiri ni jamaa, nikafanya kinyume.

Kule msikitini safu zikakaa, imamu hayupo. Muadhini akamtuma mtoto mmoja wa madrasa, wa miaka tisa hivi, aje kuniita. Mtoto akaja mbio. Watoto mnawajua, akifika anaegemea. Akaweka mkono wake mzima juu ya mlango wenye nta mbichi, akahema, akafungua mdomo kusema alichotumwa.

Nikamkemea. "Toa mkono hapo!" Kwa sauti ambayo darasani naitumia mara moja kwa muhula.

Hakusema alichokuja kusema. Alirudi nyuma hatua mbili, akaniangalia, akageuka akakimbia. Alipofika akamwambia muadhini, "Ustadh ana kazi." Mkaswali. Mimi nikafuta mlango, na alama ya mkono ikawa ya kwanza kuifuta.

Niliswali peke yangu nyumbani, saa kumi na moja inakaribia. Nikawa nasoma swala na akili haipo. Nikakumbuka kisa cha Nabii Sulaiman (a.s.) katika Surat Swad, kuanzia aya ya 30. Nimekifundisha mara nyingi, na sijawahi kukiona kinanihusu. Sulaiman aliletewa farasi, tena jioni: farasi wazuri, wa mbio, wenye kusimama kwa madaha. Akawaangalia, akashughulika nao, mpaka kitu kikajificha nyuma ya pazia, akajilaumu kwamba kupenda kile kizuri kulimtoa kwenye kumkumbuka Mola wake. Wafasiri wengi wamesema kilichojificha ni jua, na kilichompita ni swala ya Alasiri. Wakasema pia, na ni adabu kulisema, kwamba hakuiacha kwa makusudi bali alisahau. Mimi sikusahau. Niliambiwa mara tatu: na adhana, na mke wangu, na mtoto.

Kisha aya inasema aliamuru warudishwe, akaanza kuwapangusa miguuni na shingoni. Hapo wanazuoni wamegawanyika, na mgawanyiko wao ndio ulionifanya niandike leo. Kundi moja, na Ibn Kathir anaelemea huko, linasema huko kupangusa ni kwa upanga: aliwachinja, akakitoa kwa ajili ya Allah kile kilichomshughulisha. Kundi la pili, kwa kauli iliyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), linasema alipangusa kwa mkono, kwa upendo. Imamu Tabari aliichagua kauli hii, kwa hoja kwamba Nabii hawezi kuwaua wanyama bila sababu wakati wao hawakufanya kosa, ila yeye ndiye aliyewatazama.

Unaona tofauti inapokwenda? Ukipotezwa na kitu kizuri, je, ukitoe au ukishike vizuri zaidi? Mzee mmoja wetu, nilipomsimulia, alikuwa upande wa upanga. "Uza," akaniambia. "Imamu na gari la kung'aa wapi na wapi." Simdharau. Kuna watu dawa yao ni hiyo hasa, na kila mmoja wetu anajijua. Kama una kitu ambacho kila mwezi kinakutoa kwenye swala, uza, na usingoje fatwa yangu.

Lakini kama ni kanuni kwa wote, siikubali, na sababu zangu ni hizi. Surat An-Nahl, aya ya 8, inawataja farasi, nyumbu na punda kwamba wameumbwa tuwapande, na kwa pamoja inataja kwamba wao ni pambo. Allah angeweza kuishia kwenye kupanda. Aya mbili kabla yake inataja uzuri tunaouona kwa wanyama tunapowarudisha jioni na kuwatoa asubuhi. Yaani raha ya mtu kusimama mlangoni akitazama mifugo yake inaingia imetajwa katika Qur'ani ndani ya hesabu ya neema. Na Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alionekana akipangusa uso wa farasi wake kwa nguo yake ya kujifunika. Walipomuuliza, akasema usiku ule alilaumiwa kuhusu farasi. Nguo yake mwenyewe, jamani, wala si kitambaa cha akiba. Basi aliyekaa chini ya mwembe na taulo laini yuko kwenye jambo lenye asili, na kukitunza chombo ulichopewa ni sehemu ya kukishukuru.

Basi kosa liko wapi? Siku ya kwanza nilijijibu: kiburi. Nilitaka kuonekana. Lakini nikijipekua kwa haki, halikuwa hilo. Nilikuwa na suruali imekunjwa mpaka magotini, kandambili miguuni, mikono imechubuka, nimepiga magoti kwenye tope nasugua rimu. Hakuna aliyekuwa ananitazama, na ungeniuliza muda ule kama nina kiburi ningecheka.

Hapo ndipo hadithi ya Ibn Masud (r.a.) katika Sahih Muslim ilinikamata. Mtume (s.a.w.) alipoonya kwamba mwenye chembe ya kiburi moyoni hataingia Peponi, mtu mmoja alimuuliza swali ambalo sisi sote tungeuliza: je, mtu akipenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri? Akajibiwa kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Kisha kiburi akakieleza kwa mambo mawili: kuikataa haki, na kuwadharau watu. Tumeizoea hii hadithi, tunaisoma haraka kwa sababu inatupa ruhusa ya kupendeza. Hebu tazama nusu yake ya pili. Hakuna hisia ndani yake. Hakusema kiburi ni kujiona, wala kutembea kwa maringo, ingawa hayo nayo yamekemewa penginepo. Alitaja vitendo viwili anavyoweza kuvifanya mtu aliyepiga magoti kwenye tope bila kujisikia mkubwa hata kidogo.

Haki ilikuja kwangu, imebebwa na mtoto. Nikaikataa haki kabla haijatamkwa, na nikamdharau aliyeibeba, yote mawili kwa maneno matatu. Na nilifanya hivyo kwa ajili ya mlango.

Nimejiuliza sana: kama angekuwa mkuu wa wilaya ameegemea pale, ningesema toa mkono? Ningesema, "Karibu mheshimiwa," nta ikae hata mwaka. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko swala iliyonipita, kwa sababu swala nimeistaghfiria, ni deni langu na Mola wangu, na Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Deni la mtoto halilipwi kwa istighfari. Linalipwa kwake.

Jumapili hakuja madrasa. Usiku baada ya tarawehe nikaenda kwao. Baba yake alishtuka, ukiona mwalimu usiku unajua kuna kesi. Nikamwambia kesi ipo, mshitakiwa ni mimi. Mama yake, kwa heshima zake, akaanza kunitetea: "Lakini ustadh, na yeye si aliligusa gari. Watoto hawa wana mikono michafu." Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, akasema kwa sauti ndogo, "Haukuwa mchafu. Nilikuwa nimetawadha."

Alikuwa ametawadha kwa ajili ya Alasiri, akatolewa kwenye safu kuja kuniita mimi.

Nilimwomba msamaha mbele ya wazazi wake. Wengine wetu tunaona kumwomba mtoto msamaha kunamharibu, atakuwa jeuri. Nimesoma ualimu, nimefundisha miaka mingi, na sijaona mtoto aliyeharibika kwa hilo. Nimeona wengi walioharibika kwa kinyume chake. Alinisamehe haraka mno, watoto wako hivyo. Akaniuliza kama nta ilitoka.

Sasa nina mambo madogo ya kuongeza, hasa kwa vijana wenye bodaboda na magari ambao nawajua mnasugua kila Ijumaa.

Kwanza maji. Siku ile nilitumia ndoo sita za lita 20. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Kwa hiyo gari langu lilikoga udhu wa zaidi ya watu mia na ishirini. Niliporudia juzi nilikinga maji ya mvua kwenye pipa, nikatumia ndoo mbili na nusu, na gari lilitakata vilevile. Songea tuna mvua na tuna milima ya Matogoro inayotulishia mito, ndiyo sababu tunamwaga ovyo. Anayechota mbali hamwagi.

Pili, muda. Ukitaka kupaka nta anza asubuhi baada ya Dhuha, na usipake milango miwili kwa pamoja. Nacheka lakini sitanii.

Na la tatu nalisema nikiwa ndani yake: zulia la msikiti wetu. Nimepiga magoti nusu siku nikisugua rimu za tairi, na ile kona ya nyuma ya zulia, karibu na viatu, tunaisujudia mwaka mzima na hakuna aliyeipigia magoti kuisugua. Jumamosi hii baada ya Alfajiri nitakuwepo na ndoo mbili. Njooni na brashi.

Kuna hadithi ya Abu Huraira (r.a.), iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba farasi ni wa watu watatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara, na kwa mwingine ni mzigo wa dhambi. Huyu wa mwisho ni aliyemfuga kwa kujionesha na majivuno. Yule wa sitara ndiye namtafuta katika nafsi yangu, kwa sababu ni mtu wa kawaida kama sisi: alimfuga kwa mahitaji yake asiombe watu, lakini hakusahau haki ya Allah shingoni na mgongoni mwa farasi. Haki ya mgongoni wanazuoni wameifasiri kwa namna zaidi ya moja, na mojawapo ni kumpakia anayehitaji. Nikaanza kuhesabu. Tangu gari lije nilikuwa nimepakia mara mbili tu, na mara zote mbili waliovaa vizuri. Mama mmoja wa jirani alisimama njiani na gunia la mkaa siku ya tatu baada ya kufika gari, nikapunga mkono nikapita. Niliona viti. Nilikuwa nimetoka kuvifuta.

Nta bado ninayo nusu kopo. Sitaiuza wala kuitupa. Juzi mvua ilinyesha, nikatoka na mwavuli kutazama jinsi maji yanavyokusanyika vitone vitone na kuteleza juu ya boneti, nikasema alhamdulillah, na niliisema kutoka moyoni. Jana nimepita Lizaboni, tope mpaka madirishani. Leo sijaliosha.

Tangazo la mwisho. Wazee na kina mama wanaorudi upande wa Lizaboni na Bombambili baada ya tarawehe, kuanzia leo usiku gari lina nafasi nne, nitakuwa nimeliegesha karibu na mlango wa kina mama. Mzee mwenye fimbo anakaa mbele. Mkija na tope miguuni msivue viatu, ingieni tu.

Kesho inshaallah tunaendelea na darsa yetu ya kawaida. Daku isiwapite.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.